Mkwe Aliyepita Dirishani

Tarime,
Jumapili mchana, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ndaga fijo kwa maparachichi uliyompa yule konda wa basi. Yalifika matano, na konda anaapa ulimpa matano, basi namwamini kwa kuwa aliapa akiwa ameshika mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Goti lako linaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa au bado anatuzungusha? Na mvua ya Tukuyu imewapa nafasi ya kuanika maharage walau nusu siku? Huku Tarime jua lipo, baridi ya asubuhi ipo pia, na mimi ni mzima wa mwili. Ninachougua ni aibu, na hiyo haina dawa dukani.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama, simu yako imenishinda. Kila nikipiga unaweka spika, na sebule nzima inachangia. Juzi nilikuwa nakueleza habari za tumbo langu, aliyenijibu ni mama mchungaji. Haya ninayoandika leo ni yako wewe, na mwishoni kuna neno ambalo nimelificha tangu nina miaka minane. Ukifika hapo, vaa miwani na ukae chini.

Kwanza nirekebishe kitu. Shangazi ameniambia kwamba umetangaza kanisani kuwa mimi ni mkurugenzi. Mama, mimi ni afisa mafunzo wa mkataba, katika shirika dogo lenye vyumba viwili, na kimojawapo tumehifadhi mbegu za mchicha. Kazi yangu ni kuwafunza watu wanaoongoza vikundi vya vijana: namna ya kuendesha mkutano, kuandika taarifa, kumsikiliza kijana bila kumkatiza, kupanga mambo ya mwaka mzima. Watu wenyewe ni wakulima na wafugaji. Wanakamua, wanapalilia, halafu wanakwenda kukaa na vijana wa watu wasiojua waelekee wapi, na wengi wao hawapati kitu. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kazi hiyo, waliianza tu kwa sababu walimwona mtoto wa jirani anaharibika. Ndiyo maana naipenda kazi yangu hata nikiifanya vibaya, na safari hii niliifanya vibaya hasa.

Mwezi uliopita ofisi ilipata nafasi ya masomo. Nafasi moja tu, kwa wilaya mbili, Tarime na Serengeti: miezi sita katika chuo fulani huko Morogoro, kusomea uongozi wa programu za vijana, kula na kulala bure. Nikaagizwa kuitisha semina ya siku tatu, niwaite viongozi wa vikundi pamoja na wenyeviti wa kamati zao, niwatazame, nichague mmoja. Huyo mmoja ajaze fomu, mwenyekiti wake atoe maelezo na kuweka sahihi, na fomu ifike mezani kwa bosi wangu Ijumaa ya wiki inayofuata, saa sita mchana. Isipofika, nafasi inakwenda kwa wa pili kwenye orodha.

Mtu wangu nilikuwa nimeshampata kabla semina haijaanza. Anaitwa Bhoke, wa Susuni, kata ya wakulima huku karibu na mpaka wa Kenya. Ana miaka ishirini na sita, ameolewa, ana mtoto mmoja, Chacha. Alianza na cherehani moja barazani kwake, akiwafundisha wasichana watatu walioacha shule. Leo ana cherehani sita, wasichana wamejaa mpaka nje, na nyuma ya nyumba kuna wavulana wanafyatua matofali chini ya usimamizi wake. Semina hajawahi kuhudhuria hata moja, kwa sababu matangazo ya semina hufika Susuni watu wakiwa wameshagawana vyeti.

Wa pili kwenye orodha nilimjua pia. Samweli, wa Nyambureti, upande wa Serengeti. Mama, Samweli amehudhuria semina kumi na nne. Ana vyeti kumi na vinne, vyote amevitia plastiki, na anatembea navyo mkobani. Ukimuuliza tatizo la kikundi chao, anasema hawajajengewa uwezo. Ukimuuliza mafanikio, anasema wamejengewa uwezo. Kikundi chenyewe kinafanya nini, hakuna mtu ofisini aliyewahi kujua. Nikajiapiza kwamba nafasi hii haiendi kutiwa plastiki.

Semina tuliifanyia kwenye ukumbi wa kanisa hapa mjini, Jumatano hadi Ijumaa. Nilikuwa na daftari langu la tathmini, maana chuoni nilifundishwa kwamba mwezeshaji mzuri hutazama tabia za washiriki na kuziandika. Basi nikatazama, nikaandika. Bhoke: anakaa nyuma ya nguzo, amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi, hajiamini. Bhoke tena: kwenye fomu ya mahudhurio ameacha wazi sehemu ya jina la mwenyekiti wa kamati, inaonekana hamjui hata mwenyekiti wake. Halafu huyo mwenyekiti, Mzee Nyamhanga, mtu wa karibu miaka sabini, mrefu, mwenye kofia ya sufu ya kahawia na fimbo: anakaa pembeni kabisa, ameupa ukumbi mgongo, anatazama dirishani kutwa, hana umakini. Niliandika pia kuwa hawapishani mlangoni; mmoja akiwa mlango wa mbele, mwingine anazunguka hadi wa nyuma. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa MGOGORO WA KIUONGOZI, nikapiga mstari mwekundu.

Ungekuwepo, ungeona kwa jicho moja tu. Mimi nilikuwa na shahada.

Ijumaa, siku ya mwisho, nikaamua kuutibu huo mgogoro. Kuna mchezo tunaufanya kwenye semina ili watu waaminiane: mmoja anafumba macho, anajiachia kwa nyuma bila kuangalia, na mwenzake anamdaka mabegani. Washiriki wengine niliwapanga kwa kura. Bhoke na Mzee Nyamhanga niliwapanga mwenyewe, kwa makusudi, mbele ya watu wote. Bhoke nikamsimamisha karibu na mlango wa mbele, ajiachie. Mzee nikamwambia asogee, amdake.

Ukumbi ulinyamaza. Nikadhani ni usikivu. Bhoke akaivuta kanga ikamfunika uso wote. Mzee akaanza kurudi nyuma, hatua moja, hatua nyingine, mpaka mgongo ukagusa ukuta, na mimi, Mungu anisamehe, nikamtia moyo. Nikamwambia, "Mzee, mdake tu, haumi huyu."

Mzee akautazama mlango wa mbele, Bhoke yupo. Akautazama wa nyuma, nilikuwa nimeuziba na bango kitita langu lenye kichwa cha habari kinachosema KUONDOA VIKWAZO. Basi akatanguliza fimbo nje, kwa utaratibu kabisa, akainua mguu mmoja, akafuatisha wa pili, akapita dirishani. Kofia ikabaki ndani. Watu wa Susuni wakanyanyuka wote wakaondoka, wao kwa mlango, na Bhoke alikuwa ameshakimbia. Watu wa Busawe, kikundi kingine cha Serengeti, nao wakaondoka. Sijui wao walikerwa na nini, nadhani waliona si heshima kubaki.

Akabaki Samweli. Alikuja na kofia ya mzee mkononi, akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba Mzee Nyamhanga ni baba mkwe wa Bhoke, na kwamba hapa mkwe na mkwewe hawashikani, hawatazamani, hawali pamoja. Nilikuwa nimemwagiza mzee wa watu amkumbatie mke wa mwanawe mbele ya wilaya mbili. Kisha akanikabidhi kofia, akasema, "Hapo madamu, wewe ndiye unayehitaji kujengewa uwezo."

Mama, nilikaa kwenye kiti cha plastiki, na mtu niliyemwona machoni ni wewe. Nilikuona na kapu la viazi kichwani, umemsikia babu mzaa baba anakohoa kule juu njiani, unaacha kila kitu unazama migombani kama jiwe kisimani. Nilikumbuka jinsi ulivyokuwa hulitamki jina lake hata kwa bahati mbaya. Kwenye karatasi yangu ya ubatizo ulimwachia mchungaji ajaze sehemu ya babu. Nilikumbuka ulivyokuwa ukinituma kwake na kikombe cha asali na tangawizi, kwa ajili ya kile kikohozi chake, kwa vile wewe mwenyewe huwezi kumfikia. Nimekulia katika nyumba hiyo. Nikasoma, nikahitimu, nikasafiri siku mbili kwa basi, nikakutana na mambo ya nyumbani kwetu yenyewe, nikayaita mgogoro.

Jumatatu nilipiga simu Susuni kutwa, hakuna aliyepokea. Jumanne nikapanda bodaboda na kofia ya mzee ndani ya mfuko. Karibu na kule simu yangu ikapata ujumbe wa kunikaribisha Kenya na kunitakia safari njema. Kwa aibu niliyokuwa nayo siku ile, nilifikiria kuendelea mpaka huko huko Kenya.

Aliyenipokea ni Bibi Ghati, mke wa mzee. Mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Akanipa kigoda, akanipa maziwa ya mgando, akasema mzee yupo lakini hayupo. Nikaomba radhi kwa kila neno ninalolijua. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, ndipo akauliza kama mama yangu hakunifundisha. Nilijua inakuja ile ya asiyefunzwa na mamaye, nikamwahi. Nikamwambia mama yangu alinifundisha vizuri sana, mimi ndiye niliyesahau darasani. Jibu hilo lilimpendeza, nadhani ndilo lililoniokoa.

"Haya," akasema. "Wewe umetufundisha siku tatu. Sasa kaa na wewe siku tatu ufundishwe. Ukifaulu, mzee atakuita. Ukifeli, chukua pikipiki yako."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi Ghati alinipa jembe saa ile ile, na siku ya kwanza ikaisha kwenye shamba la muhogo.

Sitakueleza yote, yanachosha. Nilifundishwa kwamba boma lile lina njia mbili, ya mzee na ya wake wa wanawe, nami nilikuwa nimeingia kwa ile ya mzee, na pikipiki juu. Nilifundishwa chakula cha mzee kinawekwa wapi na anayekiweka anaondokea upande gani. Nilifundishwa kuzungumza na mtu kupitia kwa mtu mwingine aliyekaa katikati, na nikikosea wanawake wa boma zima walikuja kucheka, wakaniambia nirudie. Walinipikia na kichuri, ule mchuzi mchungu wa tumbo la ng'ombe ambao huku ni heshima ya mgeni. Mama, nilimeza nikiwaza zile ndizi zako za mbalaga. Nikaulizwa kama nitaongeza, mdomo ukasema ndiyo kabla sijawahi kuuzuia.

Bhoke siku ya kwanza hakunisemesha. Sikumlaumu. Jumatano tulikuwa wawili jikoni, yeye anasonga ugali wa muhogo na mtama, mimi nachochea moto, na kimya chake kilikuwa kinaniunguza kuliko moshi. Nikamwambia kwamba nitamwomba bosi atafute njia, labda mtu mwingine asaini. Akauacha mwiko ndani ya sufuria.

"Dada, nafasi hii naililia tangu siku nilipopata cherehani ya pili," akasema. "Watoto wale wamekuwa wengi kuliko akili yangu. Sijui kuwaongoza tena, najua kushona tu. Lakini akisaini mtu mwingine, watasema nilimruka mzee. Usinisaidie tena kwa njia yako. Ngoja."

Nikangoja. Kungoja ndicho kitu ambacho sikuwahi kufundishwa, mama, wewe unajua, nilizaliwa kabla ya siku zangu. Na wakati nangoja, ofisini Samweli alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama Morogoro kuna baridi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa naanika mtama kwenye mkeka, Bhoke anafua. Nikasikia mtu anakohoa nje ya lango, kikohozi kirefu, cha mtu mwenye kifua kibovu. Bhoke akakamua nguo aliyokuwa nayo, akaiweka kwenye beseni, akafuta mikono, akatembea zake nyuma ya ghala bila haraka yoyote. Mzee Nyamhanga alikuwa amesimama nje ya lango anasubiri. Akakohoa mara nyingine, akasubiri tena kidogo, ndipo akaingia.

Nikamuuliza Bibi Ghati mzee anatumia dawa gani ya kifua.

"Kifua kipi?" akasema, anacheka. "Kifua kizima kile. Anabisha hodi."

Mtama ukanimwagika. Sababu yake nitakueleza mwishoni, kama nilivyoahidi.

Saa nne mzee akaniita. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake, amelitazama zizi, mgongo ameupa jiko, na jikoni ndimo alimokuwa Bhoke. Nikapiga magoti, nikampa kofia yake kwa mikono miwili. Akaivaa, akaipiga piga, akauliza kama yule mura, yule kijana wa Nyambureti mwenye vyeti, bado anaitaka safari. Nikasema anaitaka sana. Akasema, leta karatasi, wewe soma mimi niseme.

Nikasoma swali la kwanza: mwenyekiti anamfahamu mwombaji kwa kiasi gani? Mzee akafikiri mpaka nikadhani amelala.

"Andika," akasema, kwa sauti kubwa kuliko mahitaji yangu, maana mimi nilikuwa miguuni pake. "Uso wake siujui vizuri. Ana miaka sita katika boma hili na sijawahi kumtazama. Lakini namsikia."

Nikaandika. Akaendelea, anasema na ng'ombe wake, pole pole ili nisiachwe. Kwamba cherehani yake anaisikia kabla ng'ombe hawajatoka. Kwamba wazazi wakija kugombana, anawasikia wao tu wanavyofoka, yeye hamsikii, na baada ya muda anawasikia wanaaga vizuri. Kwamba kuna mtoto wa jirani aliyekuwa hasemi na mtu mwaka mzima, sasa anaimba pale kwenye cherehani kutwa. Anaimba vibaya, lakini anaimba. Aliniambia mtu unayemtazama anaweza kukudanganya kwa sura, ila mtu unayemsikia tu, miaka sita, huyo umemjua. Sikumwonyesha lile daftari langu la kutazama.

Jikoni kulikuwa na mtu anakwaruza sufuria. Nilipofika swali la udhaifu wa mwombaji, kukwaruza kukakoma.

Mzee akajikuna chini ya kofia. "Lazima kujibu?" Nikamwambia fomu inadai.

"Andika. Chumvi kidogo. Miaka sita."

Kitu kikaanguka jikoni, nadhani ni mfuniko, kikazunguka sakafuni muda mrefu. Bibi Ghati alicheka mpaka akashika nguzo. Mzee yeye hakugeuka wala hakutabasamu, aliendelea kuhesabu ng'ombe wake.

Swali la mwisho: je, unapendekeza mwombaji aende masomoni? Hapo sauti yake ilishuka, ikawa ya mtu wa kawaida, na nilihofu Bhoke hatasikia. Alisikia.

"Andika aende," akasema. "Andika pia kwamba arudi. Mimi bila ile cherehani sitajua kama kumekucha."

Akaweka sahihi, herufi moja moja. Fomu akailaza juu ya kigoda, akaikandamiza kwa kijiwe isipeperuke, akakohoa, akachukua fimbo akaenda zizini. Bhoke akatoka jikoni, akapiga magoti mbele ya kile kigoda kitupu, akaichukua karatasi kwa mikono miwili. Aliisoma akiwa amepiga magoti vile vile, na nadhani aliisoma zaidi ya mara moja. Mimi nililia, mama, sina haja ya kuficha, na moshi haukuwepo. Mchana ule chakula cha mzee kilikwenda na chumvi ya kutosha ng'ombe kumi. Alikila chote, akaagiza maji mara tatu.

Ijumaa saa tano fomu ilikuwa mezani. Bosi akaisoma, akauliza kama chuo kinahitaji kweli kujua habari za chumvi. Nikamwambia asiguse kitu. Jibu lilikuja jana: Bhoke anaondoka wiki ijayo, na Chacha atabaki na Bibi Ghati. Wasichana wamepangiana zamu, kila alfajiri mmoja wao awashe cherehani hata kama hana cha kushona.

Samweli nilimpelekea habari mwenyewe pamoja na cheti chake cha kumi na tano. Nilitegemea maneno. Yeye akafungua mkoba, akatoa chupa ya asali, akasema ni ya kikundi. Kumbe kikundi kipo, mama. Wanafuga nyuki kule Nyambureti, vijana wenyewe wamechonga mizinga, na asali yao ni nzuri ajabu. Nilimuuliza kwa nini hajawahi kulisema hilo katika semina kumi na tano. Akasema hakuna aliyemuuliza kuhusu nyuki. Wote walimuuliza kuhusu uwezo. Nimemweka wa kwanza kwenye orodha ya mwakani, na ule ukurasa wenye mstari mwekundu nimeuchana.

Nisalimie shangazi wa kwaya, na wewe urudishe ule ukurugenzi ulipoutoa. Nisalimie kaka Ipyana fundi pikipiki, aoe sasa, huku nimeona mabinti wanaojua kupika, ila chumvi ajiandae. Mjomba wa bwawa la samaki mpe pole ya wale samaki. Mama mchungaji mwambie tumbo limepona. Baba msalimie sana, na ukimaliza kusoma msomee na yeye sehemu hii iliyobaki, kwa kuwa inamhusu baba yake.

Sasa kaa chini.

Siku moja nilimpelekea babu kile kikombe cha asali, akanikalisha mbele yake, akanipa neno nikuletee. Alisema: mwambie mama yako sina kikohozi. Nakohoa nikifika kwenye ule mparachichi ili apate nafasi ya kunipisha taratibu. Asikimbie na mizigo, ataumia. Na mwambie nashukuru, ananiheshimu kuliko wanangu wa kuzaa.

Sikukuletea, mama. Nilijua ukisikia hana kikohozi, asali itakatika, na mimi nilikuwa nalamba nusu ya kikombe njiani. Nikapanga nitakwambia asali ikiisha. Haikuisha. Uliendelea kutuma, naye aliendelea kukohoa, nawe ukaendelea kukimbia, na masika yaliyofuata ukateleza migombani na kapu kichwani. Goti hilo unaloniuliza kila mwaka kwa nini haliponi, nimelifanya mimi kwa ulimi wangu. Na tangu babu afariki nimekusikia ukisema ni kifua kile, kwamba labda asali ilikuwa ndogo. Hapana, mama. Kifua chake hakikuwahi kuuma hata siku moja. Alikuwa anakubishia hodi.

Nisamehe. Desemba nakuja, na chupa ya asali ya Nyambureti, imejaa mpaka shingoni, haijaguswa na kidole. Nikifika kwenye mparachichi nitakohoa. Wewe usikimbie.

Mwanao,
Atupele